Kuujua mtaa kabla ya kuugusa: uhesabu, uchore, uulize, au utembee na wenyewe?

Mwaka 1996 na 1997 jiji la Vienna lilifuatilia watoto wanaotumia bustani zake za umma. Ilionekana kwamba wasichana wakishafikisha miaka 9 hivi wanatoweka, huku wavulana wa rika hilohilo wakiendelea kuja. Hesabu ilitosha kuonyesha pengo, ila haikuweza kusema limetoka wapi. Chanzo kilikuwa kwenye uwanja na kwenye malezi kwa pamoja: eneo lilikuwa moja, kubwa, lililo wazi, na pande mbili zilipoligombea, wavulana ndio waliobaki nalo. Mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya 5 zilianza kupangwa upya. Ziliongezwa njia za miguu na viwanja vya voliboli na vya mpira wa vinyoya, na eneo kubwa likagawanywa kwa mimea kuwa vipande vidogo. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakufukuzwa.

Kundi lolote linalotaka kuweka benchi, kufunga mtaa kwa magari au kupanga upya uwanja hufika kwenye swali hilohilo: tutajuaje watu wa hapa wanaishi vipi? Njia zilizozoeleka ni nne, yaani kuhesabu wapita njia, kuchora ramani ya shughuli, kuwauliza watu, na kutembea nao. Wengi hukwama wakijiuliza ipi ni ya kitaalamu zaidi. Swali lenye faida kubwa ni hili: ipi inawaona watu unaotaka kuwajua? Kila njia ina wake inaowakosa, na siku unapochagua njia umeshachagua pia nani hatakuwamo kwenye ripoti yako.

Vigezo

Njia zote hapa chini zimepimwa kwa mambo manne. Kwanza, inaona nini, na nani anaiponyoka. Pili, inadai nini: watu wangapi, saa ngapi, vifaa gani. Tatu, inaharibika wapi, maana kila moja ina namna yake ya kutoa jibu lililo safi na lisilo la kweli. Nne, inamfaa nani.

Utamaduni wa mahali haukupewa kigezo chake kwa sababu umo katika vyote vinne. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall, katika miaka ya 1960, aliupanga umbali kati ya watu katika madaraja manne: wa ndani kabisa hadi sentimita 45, wa wanaojuana hadi mita 1.2, wa shughuli hadi mita 3.6, na wa hadhara kuanzia hapo. Vipimo hivyo alivitoa kwa Wamarekani aliowachunguza, naye mwenyewe alisisitiza kuwa jamii nyingine zina vyao. Watu wawili waliosimama nusu mita wakitazamana huenda ni wapenzi katika jiji moja, na katika jiji jingine ni muuzaji na mteja wake. Anayechunguza mtaa asio na mizizi nao atasoma vibaya jambo ambalo mtoto wa pale analijua bila kufundishwa.

Kuhesabu wapita njia

Inaona nini. Wangapi, saa ngapi, wakielekea wapi. Hakuna njia inayoonyesha mapigo ya siku vizuri kama hii: shule inapofungua milango, kazi zinapoachia, ibada inapokwisha, na saa ambayo wanawake wanaanza kupungua barabarani. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York katika miaka ya 1970, aliutazama uwiano wa wanawake kama kipimo cha ubora wa mahali, kwa kuwa wao huchagua zaidi wapi pa kukaa. Wakiwa wachache kuliko ilivyo kawaida, ipo kasoro ya kutafutwa. Anayeiponyoka hesabu ni asiyetoka nyumbani. Na hata aliyehesabiwa, hujui kwa nini amepita.

Nguvu kubwa ya hesabu ni kulinganisha jana na leo. Barabara ya Strøget jijini Copenhagen ilipofungwa kwa magari mwaka 1962, ilikuwapo hoja kwamba Wadenmark si Waitalia, hawana desturi ya kukaa nje. Mbunifu majengo Jan Gehl na wenzake wakawa wanahesabu watu katikati ya jiji, wakirudia kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na hesabu zikaonyesha desturi ikibadilika: watu walikuja, wakakaa, wakazidi kukaa. Bila karatasi za mwanzo, ubishi ule ungeendelea hadi leo.

Inadai nini. Kalamu, saa, na karatasi yenye safu. Kanuni iliyoenea ni kuhesabu dakika 10 za kila saa kisha kuzidisha kwa 6. Chagua mstari wa kufikirika, kutoka nguzo ya taa hii hadi kona ya mlango ule, uuandike ili mwingine aweze kuurudia mwakani. Anayeuvuka anahesabiwa, na akirudi anahesabiwa tena, maana unahesabu mipito wala si vichwa. Piga vijiti vitanovitano. Mtu mmoja anaweza kusimamia mistari mitatu iliyo mwendo wa dakika 5 kutoka mmoja hadi mwingine: dakika 30 za kuhesabu, 10 za kwenda, 10 za kurudi mwanzo, na 10 za kupumzika. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku ni mizunguko 14, kwa hiyo panga zamu mbili. Fanya siku mbili za kazi na moja ya mapumziko, zote za hali ya hewa ya kawaida.

Inaharibika wapi. Basi likishusha watu 60 ndani ya dakika zako 10, kuzidisha kwa 6 kunakupa watu 360, na 300 kati yao hawapo. Tukio kama hilo liandike pembeni na uhesabu tena dakika 10 nyingine. Mtaa wenye watu wachache, chini ya 10 katika dakika 10, unataka dakika 20 na kuzidisha kwa 3. Mtaa wenye msongamano unataka wahesabuji wawili, kila mmoja na uelekeo wake. Makundi ya umri yawe mapana: mtoto, mtu mzima, mzee. Ukiyagawa zaidi ya hapo unaandika makisio yako. Vitambuzi vya miale, yaani vifaa vinavyohesabu kila mwale wa mwanga unapokatwa na mpita njia, navyo vina kasoro inayojulikana: watu wawili wakipita bega kwa bega husomwa kama mmoja, na mitaa ambayo watu hutembea wawiliwawili ndiyo inayopunjwa zaidi. Kitambuzi lazima kipimwe kwa hesabu ya mkono angalau saa moja.

Inamfaa nani. Mwenye kikao na wakubwa wanaosikia namba kwanza. Pia anayetaka kupima kabla na baada ya badiliko, mradi mistari, siku na saa zibaki zilezile.

Kuchora ramani ya shughuli

Inaona nini. Wanaobaki. Hesabu humpa uzito sawa anayekimbilia gari na bibi aliyekaa saa tatu kwenye ngazi, ilhali huyo bibi ndiye anayeufanya mtaa uwe mtaa. Ramani inaonyesha kivuli kinachofuatwa, ukuta unaoegemewa, kona wanayoikwepa watoto. Inashika pia mambo ambayo watu hawayajui kuhusu nafsi zao. Whyte aligundua kwamba watu wakisimama kuzungumza hawajitengi pembeni, wanasimama katikati ya mkondo wa wapita njia. Aligundua pia kwamba mtu akipewa kiti kisichofungwa chini hukisogeza kidogo kabla ya kukikalia, hata kama kilikuwa mahali pazuri. Hakuna dodoso ambalo lingepata jibu hilo.

Inadai nini. Mchoro wa eneo ukitazamwa kutoka juu. Kwa bustani, kipimo cha 1:500 kinatosha: sentimita 1 ni mita 5, na karatasi ya A3 inabeba eneo la karibu mita 200 kwa 140. Kwa kiwanja kidogo tumia 1:200. Weka alama tano zisizozidi: nukta kwa aliyesimama, pembetatu kwa aliyekaa kwenye benchi, mraba kwa aliyekaa pasipokusudiwa (ngazi, ukingo, kreti), duara kwa anayecheza, msalaba kwa anayeuza. Waliopo pamoja wazungushie mstari. Tembea njia moja isiyobadilika, mweke kila mtu pale unapomkuta, usirudi nyuma. Mzunguko usipite dakika 15. Mizunguko 6 kwa siku, siku 3, ni karatasi 18. Kila mzunguko upate karatasi mpya, kisha zibebanishe dirishani mwangani, na umbo la maisha ya pale litajitokeza.

Siku hizohizo soma nyayo: majani yaliyokufa kwa kukanyagwa, jiwe lililong'aa kwa kukaliwa, ndoo iliyopinduliwa ikawa kiti, vishina vya sigara nyuma ya ukuta. Nyayo zinakuambia habari za watu wa usiku wa manane, ambao wewe hukuwapo kuwaona. Zisiachwe.

Inaharibika wapi. Hapa kosa kubwa ni la macho yenye maoni. Wanaume sita waliosimama kwenye kona huandikwa "wanazurura", kumbe wanasubiri kibarua cha siku; wanawake walio kimya kwenye benchi huandikwa "wamepumzika", kumbe wanachunga watoto ishirini wa majirani. Andika unachoona: wamesimama, 6, wanaume, saa 1 asubuhi. Maana yake itakuja kwa kuuliza. Kosa la pili ni mchoraji kujulikana kupita kiasi. Akiwa na fulana ya mradi na ubao mkubwa, wauzaji wasio na kibali huhama, na ramani inawafuta. Picha za nyuso hazihitajiki katika kazi hii, za watoto ndiyo kabisa zisipigwe.

Inamfaa nani. Mbunifu anayeamua benchi iende wapi. Anayefanya kazi penye lugha asiyoijua. Mwenye watu wawili na siku tatu.

Kuwauliza watu

Inaona nini. Sababu, na wasiokuja. Ni njia hii pekee kati ya nne inayoweza kubisha hodi kwa msichana aliyeacha kwenda bustanini na kumuuliza ilikuwaje. Inaona pia mtaa ulio kichwani. Mpangaji miji wa Marekani Kevin Lynch aliwaomba wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wachore jiji lao kwa kumbukumbu, naye mwaka 1960 akaeleza kwamba watu hujishikiza kwenye vitu vitano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Zoezi hilo bado ni zuri kwa karatasi tupu na dakika 10. Mtaa ambao mkazi hauchori kabisa, ingawa uko mita 300 kutoka kwake, una habari kubwa.

Inadai nini. Kuna namna mbili, zisichanganywe. Maswali ya njiani ni dakika 3 hadi 5, maswali yasiyozidi 6, kwa kumsimamisha kila mtu wa tano anayepita, si kila mwenye uso mkunjufu. Anayekataa aandikwe kuwa amekataa, pamoja na saa. Mahojiano ya kukaa ni dakika 30 hadi 45 na watu 12 hadi 20. Yakifika matatu mfululizo yasiyoongeza jipya, umefika. Jiandae kwa kazi ya baadaye: saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa 4 au zaidi kuandikwa neno kwa neno.

Uliza kuhusu siku iliyopita. "Jana ulitoka saa ngapi, ukapita wapi, ukasimama wapi?" huleta habari. "Huwa unapita wapi?" huleta picha ambayo mtu angependa uwe nayo juu yake.

Inaharibika wapi. Watu husema lililo la heshima. Wengi walimwambia Whyte kwamba wanataka mahali pa kujitenga na umati, kisha walipotazamwa walikuwa wanakwenda kukaa penye umati. Hawakuwa waongo, walijibu kwa neno, na miguu ikajibu kwa namna yake. Mahali pa kuulizia nako kunabadilisha jibu. Mke akiulizwa mumewe akiwa kando, kijana mbele ya mjumbe, mpangaji mbele ya mwenye nyumba, unaandika jibu la huyo wa pili. Na ukiwauliza wale tu uliowakuta uwanjani, utaambiwa uwanja ni mzuri, kwa sababu walioona ni mbaya wako kwingine. Robo ya mahojiano, angalau, yafanyike na watu wasiofika pale.

Inamfaa nani. Mwenye pengo asilolielewa: kundi limetoweka, kituo kimejengwa na hakiingiwi, mtaa mmoja unaogopwa. Inamfaa pia mwenye subira na mwenye watu wanaoaminika pale, kwani bila kuaminiwa unapata adabu tupu.

Kutembea pamoja

Inaona nini. Mwili ukiwa njiani. Mtu aliyekaa sebuleni hakumbuki ukingo wa sentimita 15 unaomzuia na kiti chake cha magurudumu; akifika hapo anauonyesha. Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, alieleza mwaka 1961 jinsi usalama wa mtaa unavyoshikiliwa na macho ya watu wa kawaida, wenye maduka na wenye madirisha, kuliko polisi. Kutembea kunaonyesha macho hayo yako wapi na yanafumbwa saa ngapi. Jijini Toronto, mwaka 1989, kutembea kukafanywa chombo cha ukaguzi wa usalama wa wanawake: wanawake wenyewe wanapita gizani wakiandika taa iliyokufa, kichaka kinachoficha mtu, njia isiyo na pa kutokea. Matembezi ya hadhara yanayobeba jina la Jacobs nayo yalianzia Toronto, mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hayo yana lengo pana zaidi, la watu kusimuliana mtaa wao.

Inadai nini. Watu 8 hadi 10, kilomita 1 hadi 1.5, dakika 90, vituo 6 hadi 8. Kazi tatu zigawanywe kabla: anayeongoza, anayeandika, anayepiga picha za vitu. Kila kituo, dakika 2 za kimya kila mtu akiandika kwenye kadi yake, ndipo mazungumzo yaanze. La sivyo mwenye sauti kubwa ndiye ataandika ripoti. Njia ileile ipitwe mara mbili, mchana na usiku. Mwendo uwe wa mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Karatasi ya mwisho iwe na safu tatu: tulichokiona, kinamwathiri nani, nani mwenye mamlaka ya kukirekebisha.

Inaharibika wapi. Watu 25 wakitembea pamoja usiku, mtaa wa kutisha hauogopeshi tena, na mtarudi na habari njema za uongo. Afisa akiwamo kundini, wengine huacha kusema. Kundi la mchanganyiko lina faida ya kusikilizana, lakini wanawake huzungumza tofauti wakiwa peke yao, na vijana vilevile, kwa hiyo panga matembezi tofauti kwanza kisha ya pamoja. Kosa baya kuliko yote huja baadaye: watu wametoa jioni yao, wameonyesha mahali wanapoogopa, halafu hawasikii neno. Mwaka unaofuata hawaji, na wana haki.

Inamfaa nani. Kamati ya mtaa, wazazi wa shule moja, kikundi cha watu wenye ulemavu, yaani wenye nia ya kudai jambo pamoja baada ya kuliona pamoja. Haimfai anayehitaji namba.

Kwa hali yako

Ukiwa na watu wawili na wiki moja, chora ramani. Inatoa kingi kwa saa chache, na haimsumbui mtu.

Ukitarajia upinzani wa badiliko, kwa mfano kuondoa maegesho, hesabu mapema, ikiwezekana mwaka mzima kabla, na ongeza mstari mmoja kwenye mtaa wa jirani usiobadilishwa. Huo wa jirani ndio utakaokulinda siku mtu atakapodai kwamba watu wameongezeka jiji zima.

Ukijua tayari kwamba kuna kundi lililotoweka, usipoteze siku za kuhesabu kutokuwepo kwake. Nenda ukaulize, na uanzie mahali lilipo sasa.

Hofu ya usiku ikiwa ndiyo shida, tembea, kisha hesabu saa zilezile ili uwe na cha kuweka mezani pamoja na kadi.

Mtaa wenye jamii nyingi na lugha nyingi: chora kwanza, kwa macho ya watu wawili wa jamii tofauti wanaochora eneo moja kwa wakati mmoja bila kuoneshana. Pale karatasi zao zinapotofautiana ndipo pa kupeleka maswali.

Ukiwa na mwezi mzima na nguvu ya kufanya zote nne, mpangilio una maana. Ramani wiki ya kwanza, ili ujue mistari ya kuhesabia iwekwe wapi. Hesabu wiki ya pili. Mahojiano wiki ya tatu, ukiwa na ramani mkononi ya kumwonyesha mtu na kumuuliza, "Hapa hatukuona mtoto hata mmoja siku tatu, kuna nini?" Matembezi yaje mwisho, na njia yake ipite kwenye majibu ya swali hilo.